Alinifungua kwa Herufi za Matope

Ndugu zangu wa mji huu wa Baraka, nanyi mlioteremka kutoka Fizi kwa miguu kuja kwenye ibada hii, Bwana wetu apewe sifa! Nasema apewe sifa, maana ninayesimama hapa mbele yenu nilikuwa mtumwa. Sisemi mtumwa wa dhambi tu, ingawa hilo nalo lilikuwepo. Nasema mtumwa wa mtu mwenye bunduki, aliyeniita kitu chake.

Jina langu ni Apendeki. Wazee wa hapa walimjua baba yangu, alikuwa mvuvi. Alinipenda sana baba, lakini shuleni hakunipeleka. Kaka zangu walienda, mimi nikabaki nyumbani kuanika ndakala, wale samaki wadogo wa ziwani, na kuwafukuza ndege. Sikulia. Sikujua kama kuna kitu nimekosa. Niliona maandiko kwenye kuta za maduka kama mnavyoona nyufa za ukuta: yapo, lakini hayawaambii neno.

Vita ikaja. Sitataja kundi la wale watu, maana makundi yalikuwa mengi na kila moja lilikuwa na mateka wake. Walitukuta asubuhi tukitwanga muhogo. Watu wakakimbilia ziwani, wengine milimani, mimi nikashikwa pamoja na wasichana wengine. Wakanitwika kichwani mfuko wa unga uliotoka ndani ya nyumba yetu wenyewe, wakasema, "Twende!" Nilimsikia mama yangu akiita jina langu kutoka upande wa mitumbwi. Niligeuka, nikapigwa mgongoni. Hiyo ndiyo sauti ya mwisho ya nyumbani niliyoondoka nayo.

Tulitembea hadi nyuma ya vilima vya Misisi, kwenye mashimo ya dhahabu. Wanaume waliingia chini ya ardhi. Sisi wanawake tulitwanga mawe kwa chuma mpaka yakawa unga, tukachota maji, tukapika bugali ya watu wa silaha. Mengine niliyofanyiwa sitayasema mbele ya watoto. Wamama mnanielewa.

Mkubwa wa pale walimwita Komanda Radi. Kila alipotukusanya, alitwambia neno lilelile.

"Baraka iliungua yote. Hakuna nyumba hata moja. Bamama zenu walikufa. Kule ziwa iko maiti tu. Kwenu ni hapa, na nyinyi muko vitu vyangu, sawa vile hii sufuria."

Ndugu zangu, tuliamini! Nani angetupinga? Hakuna mtu aliyetoka nje akarudi na habari. Neno la yule mtu lilikuwa ndilo redio yetu, ndilo gazeti letu, na mimi nikaacha hata kulia kwa ajili ya mama, kwa sababu nilijua amekufa. Kamba hawakutufunga. Mtu asiye na pa kwenda hafungwi kamba.

Sasa sikieni jinsi Bwana alivyoanza. Siku moja walimleta mwanamke wa makamo, mrefu, mtu wa milima ya Minembwe. Alikamatwa akishuka na siagi kwenda sokoni. Jina lake Rebeka. Kwao alikuwa mke wa mfugaji, na siku za Jumapili alifundisha watoto kanisani. Alipofika, Komanda alikuta Kitabu cha Mungu kwenye kikwembe chake, kitambaa alichojifunga. Akakitupa motoni mbele yetu sote, akasema hapa hakuna kusoma.

Mnajua jinsi sisi watu wa ziwa na watu wa juu milimani tulivyokuwa tunatazamana kwa uadui miaka ile. Hakuna mwanamke aliyetaka kulala karibu naye. Lakini Bwana ana mipango yake! Tulipangiwa kazi pamoja, mimi na yeye, ya kuloweka muhogo kijitoni. Nilikaa mbali naye siku za kwanza. Yeye akawa ananong'ona maneno peke yake huku akimenya, na mwisho udadisi ukanishinda.

"Mama, unaongea na nani?"

"Ninasoma," akasema.

"Unasoma wapi? Si walichoma kitabu?"

"Walichoma karatasi. Maneno iko hapa," akagusa kichwa. Kisha akaniuliza, "We unaitwa nani?"

"Apendeki."

Akainama. Pale kando ya maji kuna matope ya kijivu, laini kama unga uliokandwa. Akachora kwa kidole. "Angalia, mutoto wangu. Ni sawa mutu amesimama, amepanua miguu, amefunga mukaba. Hii ni A. Jina yako inaanza na hii."

Nilitazama lile umbo. Ndugu zangu, nawezaje kuwaeleza? Nilikuwa nimeitwa jina langu na mama, na baba, na hata na wale watu kwa matusi, lakini sikuwahi kuliona. Sasa mwanzo wake ulikuwa pale chini, umekaa kimya unanitazama. Nikaweka kidole changu ndani ya mchoro wake nikaufuata. Halafu maji yakaja yakauchukua, tukarudi kumenya muhogo kama hakuna kilichotokea.

Tangu hapo tuliloweka muhogo, na tulisoma. Alinipa herufi, kisha akanionyesha jinsi zinavyoshikana mikono na kutoa sauti. BA. KA. MA. Kikipita kivuli cha mlinzi, tunakanyaga matope kwa mguu. Nilipokuwa natwanga mawe, nilitwanga kwa silabi. Wenzangu walidhani nimeanza kuchanganyikiwa!

Na siku moja, jikoni, nikiwa peke yangu, mfuko ulinisemesha. Ulikuwa mfuko wa kawaida, nilikuwa nimeubeba na kuukalia mara nyingi. Macho yangu yakaangukia juu yake, na kabla sijajaribu, mdomo ukasema wenyewe: CHU-MVI. Nilishtuka nikatazama nyuma, nikidhani kuna mtu. Nikachovya kidole ndani nikalamba. Ilikuwa chumvi kweli! Nikakaa chini. Muda wote ule mfuko ulikuwa unasema jina lake, na mimi kiziwi. Ni vitu vingapi vingine vilikuwa vinasema?

Bwana hakuchelewa kunijibu. Wachuuzi wa Misisi walileta ndakala kambini, na nikatumwa kufungua magunia. Kwenye gunia moja mtu alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu, herufi kubwa. Nikaanza. BA. Nikasimama. RA. Nikasogea karibu. KA.

Nilisoma tena toka mwanzo, maana sikuamini mdomo wangu. Kisha nikaingiza mikono ndani ya gunia, nikaleta wale samaki puani, nikavuta harufu. Walikuwa wakavu vizuri, hawana mchanga, wameanikwa na watu wanaojua kazi. Nikasema moyoni: kama Baraka imeungua, kama wote ni maiti, nani amevua hawa? Nani amewaanika? Ndakala hawajianiki wenyewe! Na nani ameshika brashi akaandika jina la mji?

Nilimkimbilia Rebeka. "Mama, Baraka iko! Nimeisoma!"

Akanifunika mdomo, lakini machozi yalikuwa yanamtoka. Komanda alikuwa ametujengea ukuta kwa maneno yake, na herufi za mchuuzi ambaye hata hanijui zilikuwa zimeutoboa. Kuanzia saa ile, ndugu zangu, mwili wangu ulikuwa kambini, lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimeshatoka.

Shetani naye halali. Siku chache baadaye Komanda alikuja kijitoni bila kutuma mtu mbele, akakuta jina langu lote limeandikwa kwenye matope, na mkono wangu bado uko juu yake. Hakunipiga mimi. Alimgeukia Rebeka, akampiga usoni kwa kitako cha bunduki. Alianguka majini. Nilipomwinua, uso wote ulikuwa damu.

Komanda akawaambia walinzi wake, na mimi nasikia, "Muwachunge hawa wawili. Mwanamuke akijua kusoma, kesho ataanza kuuliza njia. Na akianza kuuliza njia, huyo amekwisha kuwa si wako."

Lo! Yule mtu alinihubiria siku ile bila kujua. Nilikuwa najifunza kwa raha tu, kwa kushangaa. Yeye ndiye aliyenifungua macho kwamba nilichoshika ni kitu ambacho mwenye bunduki anakiogopa. Jioni nilimkanda Rebeka kwa maji ya moto, nikilia, nikamwambia tuache.

"Tukiacha," akasema, "jicho yangu itakuwa imekwenda bure."

Lile jicho la kushoto halikupona. La kulia nalo likafunikwa na kitu kama ukungu. Aliona kivuli cha mtu, sura hakuiona. Tukaendelea. Hakuweza tena kuona ninachoandika, kwa hiyo nilichukua kidole chake nikakipitisha juu ya mchoro, naye akasema, "Ndiyo," au, "Hapana, rudia."

Basi mvua zikawa nyingi. Siku moja mchana walituma wanawake kubeba chakula kwenye shimo jipya, mbali kidogo na kambi. Tukiwa njiani tukasikia ardhi ikinguruma, halafu kelele. Shimo lilikuwa limeanguka, na watu wako ndani. Walinzi wetu wote wakakimbia kule, kwa sababu ndugu zao walikuwa chini. Nasi tukaachwa na masufuria yetu katikati ya njia. Mungu awapumzishe waliokufa siku ile. Siwezi kutaja uhuru wangu bila kuwataja wao.

Rebeka akasema, "Sasa."

Nikamshika mkono tukaingia majanini. Wengine walikimbilia kwingine, kila mtu na upande wake. Nilimwongoza nikimwambia, hapa jiwe, hapa maji, inama. Miguu ilikatwa na majani, mvua ilitupiga, na mwisho tukatoka kwenye njia kubwa iliyogawanyika mbili. Ya kushoto ilikuwa pana, imekanyagwa na watu na pikipiki, inapendeza machoni. Ya kulia ilikuwa imeota nyasi. Moyo wangu ulikwenda kushoto.

Lakini pale katikati palikuwa na nguzo, na juu yake vipande viwili vya bati. Cha kushoto kilikuwa kimetoboka kwa risasi, kutu imekula maandishi yote. Cha kulia kilikuwa na herufi chache zilizoandikwa kwa brashi, na mshale.

"Mama, kuna maandiko!"

"Soma," akasema. "Mimi sioni kitu. Ni weye sasa."

Nikaisogelea nguzo. Kijitoni, nikikosea, alinisahihisha. Hapa, nikikosea, tunarudi kwa Komanda. "Ya kwanza ni F," nikasema. "Ya pili ni I. Ya tatu… Mama, ya tatu siijui! Ni sawa N imelala."

Kweli, ile herufi tulikuwa hatujaifikia vizuri. Rebeka akavuta kiganja changu, akachora juu yake kwa ukucha: mstari, mshazari, mstari. "Iko hivi?"

"Iko hivyo."

"Ni Z. Inalia sawa nyuki. Maliza."

"Na mwisho I tena. FI. ZI." Nikasema kwa sauti kubwa, "Fizi! Mama, ni Fizi!"

Tukashika njia ya nyasi. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba ile njia pana ilikwenda moja kwa moja kwenye bariere, kizuizi cha barabarani cha watu wa Komanda. Ndugu zangu, nikikumbuka hilo mwili unanisisimka mpaka leo! Mungu aliyegawanya bahari kwa upepo, mimi alinigawanyia njia kwa herufi nne juu ya bati.

Mngedhani ushuhuda unaishia hapo. Haukuishia. Tulifika kwenye nyumba za kwanza za Fizi, tumechoka, tumelowa, nikiwa na furaha ya kufika kwa watu wetu. Vijana waliokuwa wanalinda mji wakatuzuia. Mimi waliniacha nipite, maana niliwasemesha Kibembe, lugha ya kwetu. Halafu wakamtazama Rebeka: urefu wake, uso wake, na alipojibu salamu, lafudhi yake.

"Huyu ni mutu wa juu! Ni mupelelezi!"

Mmoja akatoa kamba. Watu wakajaa mara moja. Waliokuwa wamepoteza ndugu walipiga kelele, na siwahukumu, kila nyumba ilikuwa na msiba wake. Rebeka alisimama, jicho moja bovu, lingine ukungu, akageuza kichwa huku na huku akitafuta sauti yangu. Nikajitupa mbele yake nikamkumbatia kiunoni.

Mchungaji mmoja mzee akatoka uani kwa kanisa, Kitabu kwapani. Akaomba watu wanyamaze, akaniuliza, "Mutoto, huyu ni nani kwako?"

"Ni mwalimu wangu."

Watu wakacheka. Yule mwenye kamba akasema, "Mwalimu wa nini?"

"Mimi ni mutoto wa muvuvi wa Baraka," nikasema. "Baba yangu hakunipeleka masomo. Huyu mama ndiye amenifundisha kusoma, utumwani, kwa matope, na kwa sababu ya mimi wamemutoboa jicho. Kama ninasema uongo, leteni kitu imeandikwa. Kitu yoyote."

"Soma basi!" akasema yule kijana. "Mchungaji, mupe hicho kitabu."

Mchungaji akanifungulia Kitabu popote tu, akaniwekea mikononi. Ndugu zangu, kilikuwa kitabu cha kwanza kushika maishani mwangu! Nilikuwa nimesoma matope, gunia na bati. Herufi zilikuwa ndogo kama sisimizi. Na niliomba moyoni, Bwana, nipe maneno matamu ya kulainisha hawa watu. Nikatazama. Yalikuwa majina! Huyu alimzaa huyu, na huyu akamzaa huyu, majina magumu ambayo sijawahi kuyasikia, ukurasa mzima!

Nikaanza. Nilisoma silabi kwa silabi, kidole kikitembea chini ya kila jina. Nikikwama, Rebeka ambaye haoni kitu hakunisaidia, alisubiri tu, mkono wake begani kwangu. Nilisoma baba na mtoto, na mtoto wa mtoto. Kelele zikapungua. Hakuna aliyecheka tena. Nikasikia mtu anapumua karibu na sikio langu: ni yule kijana wa kamba, ameinama juu ya ukurasa.

"Hiyo jina umesema sasa," akaniuliza kwa sauti ya chini, "iko wapi hapo?"

Nikamwonyesha. Akaweka kidole chake mahali pale, akakiacha hapo muda. Kisha akamtazama Rebeka usoni, akatazama lile jicho. Kamba ikamtoka mkononi. Akasogea pembeni, na aliposogea yeye, wengine nao wakafungua njia. Mama mmoja ambaye simjui hata jina akaja na maji, akampa Rebeka anywe kwanza, ndipo akanipa mimi.

Mimi nashangaa, ndugu zangu. Nilitaka maneno ya faraja, Bwana akanipa orodha ya watu wanaozaliwa. Labda ndilo neno walilohitaji kusikia, kwamba kila mtu amezaliwa na mtu.

Mchungaji alituficha nyumbani kwake. Baadaye watu wa kanisa wakampandisha Rebeka kwa njia za salama hadi kwao Minembwe. Tulipoagana nilimwambia sina cha kumlipa. Akanijibu, "Usinilipe mimi. Tafuta mwingine asiyejua." Yuko hai, jina la Bwana lisifiwe! Wachuuzi wanaoshuka na ng'ombe huniletea salamu zake.

Nami nikateremka Baraka. Nyumba nyingi zilikuwa zimeungua kweli, nyingine zimesimama. Baba alikuwa amefariki wakiwa mafichoni. Lakini mama! Nilimkuta ameketi nje kwa jirani, anachambua sombe, majani ya muhogo. Aliniangalia muda mrefu bila kuinuka. Kisha akainuka, sombe yote ikamwagika.

"Nani amekuonyesha njia, mutoto wangu?"

"Nilisoma, mama."

Akafunika mdomo kwa mikono yote miwili.

Ndugu zangu, sikuja hapa kujisifu. Nimekuja kwa ajili yako uliyekaa nyuma kule, ambaye kitabu cha nyimbo kikipitishwa unakitazama kwa heshima halafu unampa wa pembeni. Nakujua, mama. Nakujua, baba. Unafikiri saa imepita, na kwamba Mungu anasema na waliosoma, wewe utaambiwa baadaye. Sivyo! Mungu aliyenifuata nyuma ya vilima vya Misisi yuko hapa barazani kila siku tunapokutana kujifunza kusoma baada ya kazi za shamba. Mtumaini Yeye, kisha uje. Njoo na mtoto mgongoni kama unaye, na aibu yako pia njoo nayo, wote tulifika nayo.

Mmoja aliyefika nayo ni mama yangu mzazi. Alikataa sana. "Mi niko muzee, macho imechoka." Nikamtumaini Bwana, nikamngoja, na asubuhi moja akaja mwenyewe akaketi mbele kabisa. Ndiye huyu hapa, amevaa kikwembe cha kijani. Leo mchungaji amemruhusu atusomee Neno la ibada, na jana hakula kwa hofu.

Mama, simama. Njoo hapa mbele. Nanyi ndugu zangu, nawaomba mumngoje. Anasoma polepole.